Faini ya Plagi Nyekundu

Malaba, nyuma ya foleni ya malori
Jumapili, 8 Februari 2026

Kwako dada yangu Syprose, Mama Oketch,

Nakusalimu kabla ya jambo lolote, maana salamu haina kesi na mtu. Habari za Sio Port? Lile goti lako la kushoto linaendeleaje na hili jua? Nakumbuka lilivyokuwa likikusumbua ukichuchumaa kupanga samaki wetu wa omena pale soko la Busia, nami nakucheka nakuita bibi kizee, na tumepishana miezi minne tu. Natumaini kuku wako wanataga na ziwa halijakunyima. Huku tu wazima. Mimi mwenyewe nesi alinipima presha wiki jana akaniuliza, mama, unakula nini, hii presha ni ya msichana. Nikamwambia nimelelewa na samaki wa Mama Oketch. Mwanangu Quinton anakula vizuri, anatembea mpaka kwenye reli na kurudi, na shingo imeanza kunenepa kama ya marehemu baba yake.

Usishangae kupata barua siku hizi ambapo hata mtoto wa chekechea ana simu. Simu zangu hushiki tangu Agosti, na sikulaumu. Tena haya maneno nikiyasema kwa simu nitayapinda katikati, unanijua. Karatasi haimkatizi mtu. Nimeandika kwa mkono wangu, sikuandikiwa. Niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiupeleka darasa hadi darasa ili wengine waone aibu, na huo ndio mkono aliourithi Quinton. Hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Jumanne iliyopita yule Omagor wa pikipiki aliniletea samaki kama kawaida, nikamuuliza habari zako. Akazungukazunguka, mwisho akasema kwako ni giza. Ati taa ya sebuleni ilikufa kabla ya Krismasi, ni waya moja tu imechomoka, ukamwomba mwanao Oketch aifunge, naye akaiangalia kama mtu anayeangalia nyoka, akasema, Mama, tafuta mtu mwingine, hii mikono yangu iliangusha mtu. Ati siku hizi anabeba magunia ya mahindi pale mpakani Busia, na zile koleo zake na tesita ya kupimia umeme amempa mtu bure. Mama Oketch, nilikaa na samaki mkononi mpaka inzi wakaja. Huyu ni Oketch yule aliyefungua redio yangu akiwa na miaka tisa, akaifunga ikaongea vizuri kuliko ilivyonunuliwa. Hilo ndilo limenifanya nitafute karatasi. Nina neno la kukuambia kuhusu mikono ya huyo mtoto. Nisome polepole, usiruke mistari kwenda mwisho, kwa sababu mwisho hautaeleweka bila mwanzo.

Unajua Quinton alivyokuwa na jina hapa Malaba. Sijisifu, ni malori yenyewe yaliyokuwa yakimsifu. Lori lililokwenda Kampala, Kigali, mpaka Juba, ukiona mlangoni jina limeandikwa kwa herufi zenye mikia kama moshi, kando kuna simba au kipepeo, ujue ni mkono wake. Dereva akikwama kwenye foleni siku tatu, badala ya kulalamika anafungua mlango wa lori lake kwa spana anauleta kwetu upakwe rangi. Okwara, yule mwenye malori wa kutoka Tororo ng'ambo ya mpaka, alikuwa akisema mbele za watu kwamba wachoraji Kenya ni wengi lakini mwenye mkono ni mmoja. Mimi nakohoa kidogo, ili wajue mama yake ni nani.

Shida ilikuwa vumbi. Rangi mbichi na vumbi la Malaba ni kama uji na mchanga. Ndipo Quinton akapata lile trela lililovunjika ekseli, sanduku refu la bati, likavutwa likawekwa nyuma ya nyumba yetu. Humo ndani angepulizia rangi milango yake bila vumbi kuingia. Kwangu ilikuwa kazi rahisi, unafunga, unapaka, unafungua. Ni Oketch wako aliyekataa. Alikuja na begi lake, akaingia ndani, akajifungia muda wa kusema Baba Yetu mara mbili, akatoka akasema, Quinton ndugu yangu, hili ni jeneza lenye magurudumu. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Akafanya kazi siku sita, nami nampelekea chai na maswali. Alinieleza kila kitu, hakuniambia kama wale vijana wengine kwamba mama, haya si yako. Akasema mvuke wa rangi na wa thina ya kuichanganyia ni mzito, unakaa chini kama maji machafu, kwa hivyo feni lazima ikae chini kule nyuma iuvute utoke nje, na mbele akakata dirisha lenye kitambaa cha kuchujia hewa safi iingie. Feni yenyewe si hii ya mezani. Injini yake imefunikwa kote isirushe cheche, maana akasema cheche moja tu ndani ya huo mvuke na Quinton tutamwokotea Tororo. Quinton alitaka jenereta ikae ndani ya trela kwa sababu ya wezi. Oketch akamwambia moshi wa jenereta unaua mtu akiwa anacheka, akaipeleka hatua ishirini, upande ambao upepo unaondokea, juu ya matofali, chini ya mabati yasiyo na kuta. Akaleta waya nene moja nzima, haina kiungo hata kimoja, akaipitisha kwenye bomba la plastiki. Akapigilia ardhini chuma cha kupokea umeme unaovuja, mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Na soketi zote na swichi akazitoa nje kabisa, akazifunga kwenye nguzo yenye kijipaa, kwa sababu hata swichi ukiibonyeza ina cheche yake. Soketi zilikuwa mbili. Moja ya kompresa ya kupulizia rangi. Nyingine ya feni peke yake, na laini yake ya umeme mbali na ile, ili kompresa ikileta matata, feni isizimike.

Plagi ya feni aliizungushia tepu nyekundu. Akatuita sote, mimi, Quinton, na jirani yangu Among, yule Mteso anayeuza uji ng'ambo ya njia, akatangaza kama chifu kwamba atakayegusa plagi nyekundu mtu akiwa ndani, atalipa jogoo. Quinton akamwambia, Oketch, unatafuta supu tu. Oketch akasema, na asiwe jogoo mgonjwa. Tulicheka sana siku hiyo.

Ile nguzo ilikuwa karibu na benchi langu. Kwa hivyo akanipa kazi. Alichana kipande cha leso yangu kuukuu, ile ya manjano, akakifunga mahali feni inapotolea hewa, akaniambia, Mama, kikipepea, kazi iendelee, kikilala, piga bati na umtoe mtu. Wewe ndiwe mlinzi wetu. Unajua nilivyo. Kila dereva aliyekuja nilimsimulia habari za mvuke na cheche na kitambaa, mpaka wakaanza kuniita Injinia. Salamu, Injinia. Hujambo, Injinia. Nikaitika kama niliyesomea Nairobi.

Sasa ile siku ya mwezi wa tano unaijua kama tulivyokusimulia. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Okwara alikuwa amekaa na wenzake wawili chini ya mabati yangu, akisubiri milango yake miwili. Quinton alikuwa ndani akipulizia. Tukasikia kishindo, na kompresa ikawa inapuliza moja kwa moja bila kukatika. Okwara akafungua mlango, tukamtoa Quinton, midomo imebadilika rangi, na kichwa kimegonga kona ya chuma. Na wote walioangalia waliona feni inazunguka na kitambaa kinapepea. Alilala hospitalini wiki tatu. Alipoamka alinitambua, namshukuru Mungu, lakini maneno yanatoka moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na mkono wa kulia unatetemeka. Mkono ule. Nilimpa kalamu aandike jina lake. Ile herufi ya kwanza alianza mara nne.

Watu walitaka kujua. Lori haligongi ng'ombe hivi hivi, lazima kuna dereva. Kama feni ilikuwa inazunguka na mtu amekosa hewa, basi feni ilikuwa na kasoro, na feni ilifungwa na mtu. Shemeji yangu Bwire akaita kikao mwezi wa nane, pale kwetu mbele ya trela. Ulikuja. Ulikuja na samaki mkubwa, mbuta, amefungwa kwa majani ya ndizi, na jogoo mwekundu kwapani, na Oketch nyuma yako amevaa shati jeupe kama anayekwenda kubatizwa.

Bwire alimuuliza Oketch kwanza. Akajibu kwa adabu kwamba alifunga kila kitu kama alivyofundishwa, na feni ile haiwezi kujizima. Kisha Bwire akanigeukia mimi, akasema, shemeji, wewe ndiwe uliyekuwa ukikaa karibu, uliwahi kuona lolote. Nikasema, na wote mlinisikia, kwamba feni hiyo ilikuwa na tabia ya kujizima na kujiwasha. Oketch akaniangalia. Akasema, Mama, haijizimi. Nikamwambia, mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa hapa. Ndipo akaangalia mikono yake, akaigeuza huku na huku, akasema labda alikosea mahali. Nawe, Mama Oketch, ukapiga goti lako mbele yangu kwenye changarawe ile, lile goti la kushoto, ukasema, dada, mtoto wangu amekuumizia mtoto, tusamehe. Nikakuinua. Nikapokea jogoo. Nikapokea samaki. Watu wakasema mama huyu ana moyo mkubwa, nami nikaacha waseme.

Samaki yule nilimla, mpaka kichwa. Ninakuambia ili ujue.

Baada ya hapo trela lilikaa limefungwa, kuku wanalalia chini yake. Mwezi jana nikaona liozee nini, nikamwita fundi mmoja wa Amagoro anaitwa Derrick, kijana mwenye maneno mengi, aje alikague kama linaweza kukodishwa. Nilimwambia mapema kwamba waya zina kasoro, ajihadhari. Alikagua asubuhi nzima. Alifungua kila kisanduku, akawasha feni, akaizima, akaikalia masaa mawili ikizunguka huku anatafuna muwa. Mwisho akaja kwangu anajipangusa mikono akasema, Mama, umenidanganya, hapa hakuna kasoro. Hii kazi sijawahi kuona hapa mpakani. Aliyefunga hizi waya alikuwa anampenda mtu wa ndani.

Hayo maneno yaliniingia mahali pabaya. Na Among alikuwa amesimama pale na sufuria yake ya uji, anasikia. Alingoja Derrick aondoke. Unamjua Among, hana maneno mengi na kila neno lina mwiba. Akaniambia, Mama Quinton, kumbe feni ilipona yenyewe. Nikamwambia, Among, uji wako unaungua. Akasema, uji wangu ukiungua nitasema ni mimi niliyeunguza. Akaenda zake. Ndipo nikajua kwamba siku ile aliniona. Miezi minane alikuwa akinisalimu kila asubuhi, naye anajua.

Na Quinton. Kila siku nikimpa chai ya saa nne ananiuliza, Oketch amekuja. Namwambia bado. Kesho ananiuliza tena. Daktari alisema ni kusahau tu, ubongo unarudi nyuma kidogo. Mimi nikaanza kufikiri labda hasahau kitu. Labda anauliza tu mpaka nijibu.

Sasa nimefika, dada yangu, na mkono wangu mzuri umeanza kuharibika, utaniwia radhi kwa mistari iliyopinda.

Plagi ile niliitoa mimi.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya mvua, na lile dirisha la mbele lilikuwa linavuta upepo wa maji ndani. Quinton alitoka mara moja kuchukua rangi, akakohoa. Wewe unajua kifua chake. Wewe ndiwe uliyeniuzia omena zangu siku kumi na moja nikiwa hospitali ya Alupe nimembeba, homa ya mapafu imemkaba, hajatimiza hata miaka miwili. Tangu siku hizo kikohozi chake nakisikia hata nikiwa nimelala upande wa pili wa ukuta. Nikasema moyoni, na baridi hii yote, feni ya nini. Watu huwasha feni wakitokwa na jasho. Oketch alinieleza yote ya mvuke, nikaitikia, nikawasimulia watu mia kama kasuku, lakini jina la kitu lilikuwa feni, na feni kwangu ni ya joto. Angeliita jina lingine pengine ningeogopa. Nilijua habari zote za ile mashine isipokuwa kazi yake.

Hiyo ni nusu. Nimejipa nusu hiyo miezi tisa, nimeilalia kama mto, kwamba ni upendo wa mama. Nusu nyingine ni hii. Okwara aliniambia, Injinia, leo hatupewi chai, ama umeme wenu ni wa kuangalia tu. Wenzake wakacheka. Jiko langu lilikuwa mbali kwa sababu Oketch alikataza moto karibu na rangi, na makaa yalikuwa yamelowa. Nilikuwa na ile koili ya kuchemshia maji. Nikataka Okwara aone. Nikataka akasimulie Tororo kwamba kwa mama Quinton maji yanachemka bila moshi, kwa umeme wa mwanawe. Soketi zilikuwa mbili, na kompresa ilikuwa kazini. Nikasema ni dakika kumi tu, na mtoto atapata joto kidogo. Nikachomoa plagi nyekundu, nikachomeka koili.

Jenereta ikanguruma zaidi, ndiyo maana Quinton hakusikia kwamba feni imenyamaza. Kitambaa cha manjano kikalala juu ya bati. Nilikiona, Mama Oketch. Mimi mlinzi nilikiona kimelala, nikaongeza majani ya chai.

Sufuria ya lita tano haichemki kwa dakika kumi. Ilichemka, nikatia tangawizi, nikapanga vikombe. Okwara akasifu. Nikakaa nao, koili bado imo ndani ya sufuria ili chai isipoe, nikaanza kuwasimulia jinsi Quinton alivyokuwa mdogo akichora ng'ombe kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, nami badala ya kumchapa namwongezea makaa. Walikuwa wakicheka. Nilikuwa ninamsifu wakati anaanguka.

Kishindo kilipotoka, Okwara alikimbilia mlango. Mguu wangu ulitaka mlangoni, lakini mkono wangu ulikwenda kwenye nguzo. Kabla sijamfikia mwanangu, nilichomoa koili nikarudisha plagi nyekundu. Ningeweza kukuambia nilitaka apate hewa. Sikuwaza hewa. Niliwaza nisionekane. Feni ikaanza kuzunguka, kitambaa kikapepea, na ndivyo kila mtu alivyokikuta. Among peke yake, ng'ambo ya njia, ndiye aliyeona mkono wangu unatoka kwenye nguzo.

Kwa hivyo mikono ya Oketch haikuangusha mtu. Alimfungia Quinton mashine ya kumpa pumzi, laini yake mbali, kila kitu mahali pake, na mimi niliyepewa kuilinda nikachemshia chai. Kisha nikala samaki wako juu yake.

Quinton nilimwambia Alhamisi, saa nne, kikombe kikiwa mkononi mwake. Nilimwambia yote, na nusu ya pili pia. Unajua maneno yake yanavyochelewa siku hizi. Kisha akauliza, Oketch anajua. Nikasema hajui. Akakiweka kikombe chini polepole, hakumwaga hata tone. Leo ni siku ya nne hajanywa chai yangu. Kila saa nne anavuka njia, anakaa kwenye kigoda cha Among, anakunywa uji wake huku amenipa mgongo. Ugali wangu anakula, na nikimsalimu ananijibu. Chai peke yake ndiyo ameikataa. Nami napika kila siku, inapoa, namwaga.

Sitakuomba msamaha hapa. Barua haina magoti. Nimemwambia Bwire awaite watu wale wale, pale pale mbele ya trela, Jumamosi ya tarehe 14. Bwire amenikasirikia, ameniambia, shemeji, jambo limeshalala, unaliamsha la nini, unataka tuonekane nani. Nimemwambia limelala kwangu tu, kwa Mama Oketch liko macho gizani. Nitasimama na kusema kwa kinywa kile kile. Okwara nimempigia simu naye atakuja, kwa sababu alikunywa. Ukija, njoo. Usipokuja, nitayasema vile vile, na siku ya pili yake nitapanda gari nije Sio Port, nipige goti kwenye changarawe ya kwako. Magoti yangu bado mazuri, nilikuambia presha yangu ni ya msichana.

Omagor atakuletea barua hii pamoja na jogoo. Si yule wako, yule tulimla. Huyu ni wangu, nimemlea mwenyewe, mzito, hana ugonjwa, majirani wote wanamjua kwa sauti. Mguuni nimemfunga tepu nyekundu niliyoibandua kwenye plagi. Usiifungue. Mpe Oketch hivyo hivyo, bila maneno, ndipo umsomee barua. Yeye aliweka faini mwenyewe na anaijua ni ya nani.

Wasalimie wote wa hapo, yule bibi wa dagaa aliyeniuzia kamba mbovu ya kufungia magunia, hata yeye. Sikutumii salamu za Quinton kwa sababu hajanipa. Sihitaji unijibu. Mwambie Omagor tu, akipita kwako na samaki, aangalie sebuleni. Akiniambia panawaka, na akiniambia nani aliyefunga ile waya, nitajua barua yangu imesomwa mpaka hapa.

Ni mimi niliyekuwa mwenzako wa omena,

Edinah Nanjala, Mama Quinton